Koti la Bahati Nasibu
Miongoni mwa filamu za kale za mahaba na mzaha ambazo Ulaya yenyewe imekaribia kuzisahau, hapana inifurahishayo kama Le Million, aliyoitengeneza René Clair huko Ufaransa mwaka 1931, ambamo mchoraji fukara, mwenye kudaiwa na kila muuza duka, anashinda bahati nasibu, kumbe tikiti imo ndani ya koti kuukuu ambalo mchumba wake amekwisha kumpa mwizi. Msako wa koti hilo unapofika katika jukwaa la opera, wapenzi hao waliokosana, wakiwa wamejificha nyuma ya mapambo huku waimbaji wawili wanaochukiana faraghani wakiimbiana mapenzi mbele ya hadhira, wanasuluhika pasi na kutamka neno, ilhali maua ya bandia yakiwadondokea. Ustadi huo wastahiki pongezi, kwani sauti katika sinema ilikuwa ingali changa, na wengi wakiijaza maneno. Lakini Clair, watu wanaponyang'anyana koti, alitusikilizisha firimbi na vifijo vya uwanja wa ragbi.