Enzi ya Sato Dume

Sato dume akikomaa hujichagulia kipande cha sakafu ya bwawa, hukichimba kwa mdomo hadi kiwe kishimo cha mviringo, kisha hukilinda dhidi ya kila anayekaribia. Ziwani, aliyeshindwa huenda zake. Ndani ya tangi hana pa kwenda, na ugomvi mfupi hugeuka mateso ya kila siku. Kazi ya mfugaji stadi ni kulifanya eneo lisistahili kupiganiwa.

Upande wa Mangapwani, kaskazini mwa mji wa Unguja, ardhi ni jiwe la matumbawe lililojaa matundu, kama pango la huko linavyoonyesha. Shimo la kuchimba tu halishiki maji. Anayetaka kufuga hujenga kwa saruji. Kuta nne huleta pembe nne, na pembe moja humtosha dume mmoja kujitangazia milki. Tangi la duara lina heri zaidi.

Zanzibar ina nafasi yake katika historia ya kufuga sato na jamaa zake. Mwaka 1960 mtaalamu wa uvuvi C. F. Hickling alieleza majaribio ya Malacca, barani Asia, ambako madume wa perege, jamaa wa sato, waliotoka Zanzibar, waliotambuliwa baadaye kuwa wa aina ya Mto Wami, walipandishwa na majike wa perege wa Msumbiji. Watoto wakawa madume watupu. Kuzaana ovyo kulikomeshwa, lakini ugomvi haukupatiwa dawa: bwawa zima sasa ni la jinsia ile ile inayochimba na kulinda.

Ustadi wenyewe huanzia machoni. Macho ya sato aliyeshindwa hukolea weusi. Mapezi yake huchanika, naye hujibanza juu ya maji na kususia chakula. Vyeo kati ya samaki hawa huendeshwa pia kwa harufu. Perege dume wa Msumbiji mwenye cheo hukojoa kidogo kidogo wakati wa kutunishiana misuli, na mkojo huo huwajulisha wengine hadhi yake. Ndiyo maana kubadilisha maji mengi kwa mkupuo, jambo linaloonekana kuwa usafi mtupu, huweza kuwasha upya vita vilivyokwisha tulia kati ya sato. Mfugaji mwenye subira hubadilisha kidogo kidogo.

Idadi nayo hudanganya. Mfano ni samaki mwingine wa kufugwa, kambare: wachanga wakiwa wachache hugawana maeneo na kuumana. Wakiwa wengi huogelea kundi moja, maana hakuna awezaye kuwafukuza wote. Lakini wakitofautiana ukubwa, wakubwa huwameza wadogo, kwa hiyo hupangwa upya kwa ukubwa kila wanapopishana. Chakula hutawanywa juu ya tangi zima, kwani kinachomwagwa mahali pamoja hupata mlinzi mara moja.

Mgeni haingizwi peke yake katika tangi lenye wenyeji. Wote hutolewa, huchanganywa, kisha huingizwa pamoja mahali papya, ili asiwepo mwenye haki ya kutangulia. Kumtoa dume mkorofi ndilo wazo la kwanza la wengi, na huwa halisaidii sana: wa pili yake hushika kiti. Afadhali atolewe aliyejeruhiwa, atengwe hadi mapezi yaote tena, kisha arudishwe siku kundi zima linapopangwa upya.