Alama Ubavuni mwa Gunia

Mwaka 1663, Samuel Pepys wa London aliandika katika shajara yake kwamba ameziona chupa zake mpya zikijazwa mvinyo, zikiwa na nembo yake. Lakini muhuri wa chupa wenye herufi mbili tu za jina hauna mwenyewe mpaka lipatikane daftari la kuuthibitisha. Ndiyo maana nawapongeza makarani wa maghala ya chai ya Litein, Kericho, na Mogogosiek, Bomet. Gunia hutoka na jina la kiwanda, gredi, uzito na namba ya ankara, likafika mnadani Mombasa asili yake ikijulikana. Utasema alama hughushiwa. Kweli, ila namba sharti ilingane na hati, na muonjaji naye huionja sampuli. Kinachoniuma ni chai kuchanganywa ng'ambo, jina la Litein likafutika pakitini.