Picha Iliyomfungua Mfungwa

Picha ya sinema iitwayo The Thin Blue Line, iliyotengenezwa na Errol Morris wa Marekani na kutolewa mwaka 1988, yastahili kupimwa na kila apendaye haki. Kisa chake ni cha kweli. Usiku mmoja wa Novemba 1976, katika mji wa Dallas, Texas, askari polisi alisimamisha motakaa, akapigwa risasi akafa. Mwaka uliofuata Randall Dale Adams alihukumiwa kufa, kwa neno la kijana wa miaka 16 na la wapita njia wachache. Mwaka 1979 zilibaki siku chache tu auawe. Mwaka 1980 hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha.

Uzuri wa picha hii ni kwamba yauonyesha usiku ule mara nyingi, kila mara kama asemavyo shahidi mmoja. Hata mtazamaji atambua ya kuwa hatazami tendo, bali maneno ya watu. Wako waliolaumu maigizo hayo. Sisi twaona lawama hiyo haina nguvu, maana maigizo hayo hayadai kuwa kweli, yaufichua uongo.

Lakini twaiona kasoro moja. Wapelelezi wanena, jaji anena, mashahidi na mawakili wa utetezi wanena. Wakili wa Serikali aliyeiendesha kesi hasemi neno. Ingawa watetezi wamtaja, mtu aweza kuondoka akidhani kosa kubwa lilikuwa la mashahidi. Sivyo. Mwaka 1989 Mahakama ya Rufani ya Jinai ya Texas iliitengua hukumu, ikasema wazi kwamba upande wa Serikali ulificha ushahidi, uliidanganya mahakama, na ulitumia ushahidi wa uongo hali ukijua. Shahidi mmoja wa kike alikuwa amewaeleza polisi habari za mtu asiyefanana na Adams, tena hakumtambua katika gwaride. Lakini mahakamani aliachwa aseme kwamba alimtambua. Watetezi walipotaka aitwe tena, wakili alisema amekwisha hama mji, kumbe yu Dallas bado.

Wala hakukosa mafundisho. Mwaka 1935 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikwisha nena kwamba kazi ya wakili wa Serikali si kushinda kesi, ila kuona haki yatendeka. Na mwaka 1963, katika kesi ya Brady, ilikataza kuficha ushahidi umfaao mshtakiwa.

Basi twaisifu picha hii, kwa kuwa ilisaidia kumfungua mtu asiye na hatia. Ila atakayeitazama na akumbuke hili: shahidi mwongo aweza kuumbuliwa kwa maswali, bali karatasi iliyofichwa haiulizwi swali. Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa na urefu wa miaka 12.