Setilaiti ya Uganda na nyumba yangu

Hapa Kakoba, kila mazungumzo ya anga yanaishia na swali lilelile: pesa za huko juu za nini, na sisi mgao unakatwa? Nalikubali nusu. PearlAfricaSat-1, iliyorushwa Novemba 2022, ilikuwa kiboksi cha sentimita 10, kidogo kuliko jerikeni. Wahandisi 3 wa Uganda waliijenga Japani ili ipige picha za mashamba, maji na misitu. Hapo sina ugomvi. Isingiro ni wilaya ya ukame, na mkulima wa Juru anahitaji habari za mvua kuliko hotuba.

Ugomvi wangu ni jicho lenyewe. Tuliambiwa kila nukta ya picha yake ni mita 20 kwa 20. Basi nyumba yangu ya udongo kule Rubondo, na choo chake, na mihogo, vyote vinaingia ndani ya nukta moja! Ziwa Nakivale litaonekana, watu wa kandokando hapana. Na hata picha ya hilo ziwa sijaiona Base Camp, pale ubaoni inapobandikwa ratiba ya mgao. Wakirusha nyingine, waanzie na ubao ule.