Jeki Si Stendi: Uhakiki wa Istilahi za Vyombo vya Karakana ya Nyumbani

Imetufikia rasimu ya tafsiri ya mwongozo mdogo unaomwelekeza mwenye nyumba jinsi ya kujiwekea karakana kando ya makazi yake: anunue vyombo gani kwanza, avipange vipi, na avitumie kwa tahadhari zipi. Mwongozo wenyewe uliandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya wasomaji wa Marekani. Tuliombwa tuupitie kwa jicho la istilahi kabla haujapigwa chapa. Jina la mfasiri na la waliomtuma tunayaacha, maana nia yetu si kumwumbua mtu. Makosa tuliyoyakuta humo ni makosa yetu sote tunaoshika kalamu, na ndiyo sababu tumeona yafaa yazungumzwe mbele ya wasomaji wa jarida hili.

Tuseme tangu mwanzo kwamba kazi hii si ya ovyo. Sarufi yake imenyooka, na mfasiri ameonyesha bidii ya kulipatia kila chombo jina la Kiswahili. Hata hivyo tulipoichukua rasimu tukaenda kuwasomea mafundi watatu, mmoja seremala, mmoja wa magari na mmoja wa kuchomelea vyuma, hawakuvitambua vyombo vingi ambavyo wanavishika kila siku. Na mahali pamoja fundi wa magari alitukatiza akasema kwamba mtu akiyafuata maneno hayo kama yalivyoandikwa, atakufa. Hapo ndipo tutakapoanzia.

1. Jeki na stendi

Katika Kiingereza, chombo cha kuinulia gari na chombo cha kulishikilia likishainuliwa huitwa kwa majina yenye neno moja la pamoja. Mfasiri akaandika "jeki" kwa cha kwanza na "jeki ya kusimama" kwa cha pili. Mistari michache baadaye, labda kwa kukwepa urefu, akalifupisha la pili likawa "jeki" tu. Matokeo yake ni sentensi inayomwambia msomaji ainue gari kwa jeki, ahakikishe kwamba limetulia juu ya jeki, ndipo aingie chini yake.

Mwongozo wa asili ulikusudia kinyume kabisa. Jeki kazi yake ni kuinua, si kushikilia. Jeki ya mafuta hubeba gari kwa msukumo wa mafuta yaliyofungiwa ndani. Mpira wake wa kuzuia mafuta ukichakaa, mafuta hupenya na gari hushuka, pengine polepole, pengine ghafla. Ile ya kuzungusha kwa mkono nayo huweza kuteleza au kupinduka ardhi isipokuwa sawa. Ndiyo maana gari likishainuliwa huwekewa stendi za chuma, ambazo hubeba uzito kwa umbo lake, wala hazitegemei mafuta. Mafundi wetu husema "stendi", na asiyekuwa nazo hupanga magogo. Yeyote kati yao anajua kwamba jeki na stendi ni vitu viwili. Aliyevifanya kuwa kimoja ni mfasiri, wala hakuvifanya hivyo kwa uzembe, bali kwa kutafuta jina ndani ya neno la kigeni badala ya kulitafuta katika kazi ya chombo.

Tunaliweka jambo hili mbele kwa sababu wako wanaodhani kwamba istilahi ni pambo la lugha, na kwamba msomaji mwenye akili ataelewa tu. Fundi aliyekwisha kufuzu ataelewa kweli. Lakini mwongozo hauandikwi kwa ajili yake. Huandikwa kwa ajili ya yule asiyejua, na yeye hana pengine pa kushika ila neno aliloandikiwa.

2. Gereji ya nani?

Kichwa cha rasimu kinataja "gereji ya nyumbani". Neno gereji tunalo, na tumelizoea. Lakini katika Kiswahili cha leo gereji ni mahali pa kutengenezea magari ya watu kwa malipo. Mtu akisikia kwamba jirani yake ana gereji nyumbani, atampelekea gari lake bovu. Kule mwongozo ulikotoka, neno hilo lina maana pia ya chumba cha kulaza gari, na ndani ya chumba hicho mwenye nyumba huweka meza ya kazi na vyombo vyake. Sisi chumba hicho huitwa banda la gari, na wengi hawanacho. Kazi za mikono za nyumbani hufanyika barazani, uani, au chini ya mwembe.

Neno lifaalo hapa ni karakana. Asili yake ni Kiajemi, lakini limekaa katika Kiswahili kiasi cha kuwa na watoto na wajukuu. Karakana ya nyumbani inaeleweka papo hapo, haimlazimishi msomaji awe na gari wala banda, na haichanganyi ufundi wa kujisaidia na ufundi wa biashara.

Kosa lililo ndugu ya hilo tumelikuta penye vyombo vya umeme. Rasimu inamwambia msomaji achomeke drili katika soketi ya ukutani, na papo hapo imeacha "volti 120" kama zilivyokuwa. Umeme wa majumbani Marekani ni wa volti 120. Wa Tanzania ni wa volti 230. Chombo kilichotengenezwa kwa ule, kikichomekwa katika huu bila transfoma, huungua. Maneno yote yamefasiriwa vizuri, na maagizo hata hivyo ni ya uongo. Mfasiri wa mambo ya ufundi hana budi kufasiri pia nambari.

3. Chombo kimoja, jina moja

Lugha ya vyombo vyetu imejengwa kwa matabaka. Tabaka la chini ni la kale: nyundo, fuawe, mvukuto, shoka, tezo. Juu yake yako maneno yaliyotufikia kwa biashara ya Bahari ya Hindi, kama vile msumari, lenye asili ya Kiarabu. Wareno walituachia parafujo. Kisha zikaja reli na magari, na pamoja nayo spana, jeki, nati na bolti kutoka Kiingereza. Hakuna tabaka la aibu kati ya hayo. Seremala wa pwani aliyechonga milango kwa patasi na juba, na kijana wa leo afunguaye injini kwa spana, wote wawili husema Kiswahili.

Utajiri huu ndio ambao rasimu imeutumia kwa uchache. Imeandika "patasi ya mbao" na "patasi ya chuma", hali lugha ina patasi kwa ajili ya mbao na tindo kwa ajili ya chuma na mawe. Tofauti hiyo haikuzuka bure. Patasi ina makali membamba yaliyonolewa kwa kuchonga. Ukiigonga juu ya chuma makali hupasuka, na kipande huweza kuruka hadi machoni. Tindo ni nene, na makali yake yametengenezwa kwa kustahimili pigo. Hata tindo yenyewe, kichwa chake kikishachanua kwa nyundo kama uyoga, hapana budi kisagwe, maana vipande vyake huruka vilevile. Lugha iliyovipa vyombo hivi majina mawili ilikuwa imekwisha kumwonya mtumiaji. Mfasiri amelifuta onyo hilo.

Vivyo hivyo tupa imeitwa "msasa wa chuma". Msasa ni mti ambao majani yake makavu yenye kukwaruza yalitumiwa kusugulia mbao, na kutoka hapo jina likahamia kwenye karatasi ya kusugulia. Tupa ni chuma chenye meno. Atakayetumwa dukani kununua msasa wa chuma atarudi na karatasi.

4. Suala la spana

Katika rasimu nzima spana imeitwa "ufunguo wa nati". Tulipouliza sababu, tulijibiwa kwamba spana ni neno la kukopa. Tunakiri kwamba wazo la ufunguo si la ajabu. Mfaransa hukiita chombo hiki kwa neno lilelile aliitalo ufunguo wa mlango. Lakini hatufasiri kwa ajili ya Wafaransa. Kutoka duka la vipuri hadi uwanja wa mafundi wa jua kali, neno ni spana. Kulifukuza neno ambalo limeshinda sokoni, na kuweka mahali pake maneno mawili yasiyojulikana na yeyote, si kukitajirisha Kiswahili.

Penye haja ya kweli ya mfasiri ni mahali pengine, nako hakugusa. Spana ni nyingi, na kila moja ina kazi yake: iko ya mdomo, iko ya ringi inayoizunguka nati yote, iko ya boksi inayoingia kwa juu. Zaidi ya hayo liko suala la kipimo. Nambari iliyopigwa chapa juu ya spana ni upana wa kichwa cha nati au bolti inachokishika, si unene wa bolti. Bolti yenye unene wa milimita 8 kwa kawaida hufunguliwa kwa spana ya 13. Rasimu imeandika "bolti ya milimita 13" ambapo ilipasa kuandika "bolti ya kufunguliwa kwa spana ya 13". Msomaji atakayekwenda kununua bolti kwa maelezo hayo atarudi na kitu kisichoingia katika tundu lake.

Tena vipimo vya inchi na vya milimita bado vinaishi nyumba moja. Nusu inchi ni milimita 12.7. Spana ya 13 itaipokea nati ya kufunguliwa kwa spana ya nusu inchi, lakini itabaki nafasi ya milimita 0.3, na kwa nati iliyokaza nafasi hiyo yatosha kuzila pembe zake hadi isifunguke tena. Hapa ndipo palipohitaji tanbihi ya mfasiri, wala hapana hata neno moja.

Lipo pia jina ambalo mafundi wameipa spana yenye mdomo wa kupanuliwa na kubanwa, kwa kuwa hukubali kila nati. Wanaiita spana malaya. Mfasiri amelikwepa, nasi hatumlaumu; jina hilo linawadhalilisha wanawake na halifai kufundishwa darasani. Lakini kulikwepa hakutoshi, maana msomaji atalikuta dukani siku ya kwanza. Tunapendekeza iandikwe spana ya kurekebisha, na mwalimu awaeleze wanafunzi kwa mdomo kwamba watakutana na jina jingine, na kwa nini kitabu hakilitumii.

5. Fundi naye hatoshi

Isije ikadhaniwa kwamba tunasema kila la fundi ni sawa. Seremala wetu huiita tepu ya kupimia futi, au futi kamba, ingawa aliyoishika siku ile ilikuwa ya mita 5. Neno futi peke yake linatatanisha, kwa kuwa ni chombo na ni kipimo pia. Futi kamba latenganisha, nasi twalikubali. Mafundi hutumia skrubu na bolti kwa kubadilishana kana kwamba ni kitu kimoja, wakati bolti hutaka nati upande wa pili mara nyingi, na skrubu hujishika yenyewe katika mbao. Hapa kazi ya msanifishaji ni kutenganisha, si kunakili.

Liko pia neno keekee. Mfasiri ameandika "keekee ya umeme" kwa drili, na mafundi wetu walicheka. Sisi hatukucheka. Keekee ni jina la kale la chombo cha kutobolea mbao, na kulifufua ni jambo la heshima. Lakini drili ndilo litumikalo. Rai yetu ni kwamba drili litumike kwa chombo cha umeme, na keekee libaki kwa kile cha mkono, ambacho bado kina kazi mahali pasipofika umeme. Hivyo hakuna neno litakaloikosesha lugha neno jingine.

6. Mapendekezo

Rasimu irudishwe kwa mfasiri, naye apewe muda wa kuketi na mafundi. Kwa upande wetu tunashauri hatua hizi kwa kila afasiriye mambo ya vyombo:

(a) Akitazame chombo chenyewe kabla ya kulitazama neno la kigeni, ajue kinafanya nini na kinaumiza vipi.

(b) Atafute jina kwanza miongoni mwa mafundi, na katika miji zaidi ya mmoja. Kisha katika kamusi. Na abuni pale tu pasipopatikana neno.

(c) Akishachagua jina moja kwa chombo kimoja, asilibadili wala kulifupisha hadi mwisho wa kitabu. Kurudia neno katika insha ni uchovu. Katika mwongozo ni usalama.

(d) Asome tafsiri yake kwa sauti mbele ya mtu wa kazi hiyo. Asipoeleweka, asimlaumu msikilizaji.

Hatua hizo hazihitaji fedha nyingi. Zinahitaji mfasiri akubali kuwa mwanafunzi kwa siku mbili tatu, na idara inayomtuma ikubali kwamba siku hizo ni sehemu ya kazi yake. Wahenga walituusia tusiwatukane wakunga na uzazi ungalipo. Mafundi ndio wakunga wa maneno haya, na vyombo vipya vingali vinazaliwa.

Wasomaji walio katika vyuo vya ufundi na katika wilaya tunawaomba watuletee majina ya vyombo kama yasemwavyo huko waliko, pamoja na maelezo ya kazi ya kila chombo. Tungependa kuanza na yale ambayo jina likikosewa mtu huumia, na la kwanza katika orodha yetu ni stendi.