Mashine inapohesabu 'jana' kuwa kauli ya kutendana

Siku hizi tasnifu za isimu zimejaa majedwali. Mwanafunzi hukusanya habari za magazeti na sura za riwaya, akaandika ruwaza fupi kwenye kompyuta, na kufumba na kufumbua amepata idadi. Eti amepata kila neno analolitaka. Nina ugomvi na hilo neno "kila".

Tasnifu moja ya uzamili niliyoisoma ilidai kwamba kauli ya kutendana hutumika zaidi magazetini kuliko katika riwaya. Mwandishi alitafuta maneno yote yanayoishia kwa -ana, akahesabu, kisha akajaza kurasa kwa maelezo ya kijamii: ati wanahabari hupenda kuandika kuhusu watu wanaogombana na kushindana. Hebu tujiulize, ni neno gani linaloishia kwa -ana ambalo mwanahabari wa Kiswahili hawezi kuliepuka? Ni "jana"! Waziri alisema jana, polisi walithibitisha jana. Ongeza "sana", "kijana", "mchana", "bwana" na "maana". Kisha ongeza "onekana" na "patikana", ambazo ni za kutendeka. Wakati huohuo "hawapendani", "wapendane" na "kupatanisha", ambazo kwa hakika zina kiambishi cha kutendana, ziliachwa nje.

Chombo chenyewe si kibaya. Msingi wake uliwekwa na mwanahisabati Mmarekani Stephen Kleene katika makala ya 1956, naye Ken Thompson akachapisha mwaka 1968 namna ya kukitumia kutafuta matini kwa kompyuta. Mimi hukiita usemi wa ruwaza. Anayetafsiri neno kwa neno atapata "usemi wa kawaida", na hapo msomaji atadhani tunazungumzia methali.

Tatizo ni kwamba chombo hiki huona herufi tu. Tena kina tabia moja ambayo wengi hawaijui: kikishapata kinachotafutwa, huzimeza herufi hizo na kuendelea na zinazofuata. Hakirudi nyuma.

Chukua neno "wanafanana" uliambie libainishwe kila "ana" iliyomo. Mashine itakupa mbili. Ya kwanza iko kwenye "wana-", yaani irabu ya kiambishi cha nafsi pamoja na -na- ya wakati. Ya pili inaanzia ndani ya mzizi -fan- na kuishia katikati ya kiambishi kinachofuata. Zimebaki herufi mbili tu, "na", nazo hazitoshi. Kumbe "ana" ya tatu, ile ya mwisho, ambayo ndiyo pekee ya kutendana, irabu yake ya kwanza ilikwisha kumezwa! Mashine imeleta mbili zisizohusika na kuiacha tuliyoitafuta.

Wajuzi watasema kuna alama ya kuiamuru mashine ichungulie mbele bila kumeza. Ni kweli, na ukiitumia utapata zote tatu. Lakini hata hapo haitakuambia ipi ni kiambishi na ipi ni ajali ya herufi. Hiyo ni kazi ya uchanganuzi wa mofolojia, kama ule uliofanywa na Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki katika mfumo wake wa SALAMA, ambao unajua sarufi ya Kiswahili kabla haujaanza kuhesabu.

Na ng'ombe je? Kwa ruwaza nyingi zilizozoeleka, neno ni mfululizo wa herufi, tarakimu na kistari cha chini. Ritifaa haimo. Basi ng'ombe huchinjwa vipande viwili, "ng" na "ombe", na vyote viwili huingia jedwalini kama maneno halali. Nimeyaona majedwali ya namna hiyo, na hakuna aliyeshtuka.

Wanaoniletea idadi za aina hii huwataka mambo mawili. Kwanza, wachomoe maneno mia moja bila kuchagua kati ya yale mashine iliyoleta, wayasome kwa macho, na waandike ni mangapi hasa yanayohusika. Pili, wachukue kurasa kumi za matini yaleyale, wazisome kwa kalamu mkononi bila kompyuta, na waorodheshe yaliyoachwa. Idadi zote mbili ziwekwe ndani ya tasnifu, kando ya jedwali lenyewe, mtahini azione.