Magoli ya Wageni

Januari 2016 nilikuwa na miaka 14. Nilivuka Petite Barrière nyuma ya yaya wangu, tukaenda Gisenyi kuangalia mpira. Kule Goma habari ilikuwa moja tu: CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani, imefika hapa jirani. Stade Umuganda ilikuwa imepewa kundi la Mali, Uganda, Zambia na Zimbabwe. Mali na Uganda walitoka 2-2. Mimi sikuwa na timu, nilishangilia magoli yote manne. Nje akina mama wa pande zote mbili za mpaka waliuza karanga na mandazi. Tarehe 7 Februari Kongo ikaifunga Mali 3-0 kwenye fainali pale Kigali, na Goma haikulala.

Naanza na furaha hiyo kwa makusudi. Anayekosoa mashindano makubwa bila kukubali kwamba yanafurahisha, watu hawamsikilizi, na wana haki. Lakini furaha ikiisha, hesabu inabaki. Na mimi nasema hesabu hii tunaifanya vibaya, wanaosifu na wanaolaumu pia.

Angalieni mifano. Mwaka 2023 Kinshasa ilipokea Michezo ya Francophonie. Zilitajwa gharama za zaidi ya dola milioni 300, na Wakongo wengi wakauliza pesa hizo zimekwendaje wakati huku Kivu watu wanalala chini ya maturubai. Swali zuri kabisa. Septemba 2025 ikawa zamu ya Kigali: mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Shule za Kigali zilifungwa wiki ile ili barabara ziwe wazi. Pogačar akashinda kwa wanaume, na Vallieres wa Kanada kwa wanawake. Miezi kabla ya hapo, Februari, Bunge la Ulaya lilitaka mashindano hayo yafutwe kama Rwanda haitabadili msimamo wake juu ya vita ya Kongo. Wenye mchezo wakasema mchezo uachwe, wakabaki Kigali.

Mimi nilikuwa nasoma maneno hayo kwenye simu, huku nimekaa juu ya ndoo. Pande zote mbili zilitutaja sisi. Mmoja anasema "wakimbizi" ili mbio zifutwe, mwingine anasema "Afrika" ili mbio ziendelee. Sisemi walikosea kuuliza. Vita si jambo la kunyamazia. Ila mbio zikaisha, waandishi wakapanda ndege, na maswali nayo yakapanda ndege. Hiyo si kukagua, hiyo ni kupita.

Sasa swali langu ni dogo. Siku ya Jumanne, saa kumi jioni, hakuna mechi, hakuna kamera: nani ana ufunguo wa geti?

Ukilishika swali hilo, unaona vitu ambavyo hesabu ya pesa peke yake haionyeshi. Manaus, kule Brazil, walijenga uwanja mkubwa kwa Kombe la Dunia la 2014. Ulichezewa mechi nne za kombe hilo, katika mji usio na timu ya ligi kuu. Montreal walipokea Olimpiki 1976 na deni la uwanja wakamaliza kulilipa 2006, miaka 30. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa michezo alikuwa tayari mzazi, na bado analipia mbio ambazo hakuziona.

Stade Umuganda si hivyo, na lazima niwe mkweli. Etincelles na Marine wanacheza pale, watu wa Rubavu wanalipa kiingilio na kuingia, akina mama bado wanauza karanga. Haikugeuka jengo la kufugia panya. Kwa hiyo CHAN iliacha kitu, na mwenye kusema haikuacha chochote anatia chumvi. Lakini kutoka uwanja wa ligi hadi mtoto wa miaka 13 asiye na timu, asiye na klabu, asiye na kadi ya uraia, ni mbali sana, hata kama kwa miguu ni karibu. Mbali hiyo hakuna aliyeipima.

Ndugu wasomaji, msidhani nazungumzia serikali tu na mashirikisho ya michezo. Nafanya kazi na vijana hapa Rubavu, wengi wamepitia Nkamira. Nilivuka barriere ile ile mara nyingine, safari hiyo na godoro kichwani. Kwa hiyo niwaambie ya nyumbani.

Mwaka mmoja, tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi, shirika moja (silitaji, na wenyewe wanajijua) lilituandalia mashindano. Mlikuwa na kila kitu: magoli ya chuma, nyavu nyeupe, jezi, spika, maji ya chupa. Watoto walicheza hadi wakasahau kula. Kweli ilikuwa siku nzuri, mimi mwenyewe nilipuliza filimbi hadi sauti ikakauka. Saa kumi na moja wakaja vijana wa gari, wakafungua magoli, wakakunja nyavu, wakapakia. Kesho yake watoto wakarudi kwenye mawe yetu ya volkano, mawili huku, mawili kule. Msichana mmoja wa timu yangu akaniuliza, "Kaka, kwani yale magoli yalikuwa ya wageni?"

Nilikosa jibu. Maana jibu ni ndiyo. Yalikuwa ya wageni, na ya picha za wageni. Ripoti ilihesabu watoto waliocheza siku ile. Haikuhesabu waliocheza kesho yake.

Hapo ndipo nilielewa kwamba CHAN, mbio za Kigali na bonanza letu ni ugonjwa wa aina moja, tofauti ni ukubwa. Tunapima siku ya sherehe, hatupimi Jumanne.

Na mashindano mengine yanakuja. AFCON 2027 imepewa Kenya, Uganda na Tanzania. Uganda imejenga uwanja Hoima, na kambi ya Kyangwali, ambako wengi wetu tuna shangazi na binamu, iko upande huo huo wa nchi. Ndugu zetu wa huko waulize mapema, kabla ya filimbi ya kwanza, kwa sababu baada ya fainali anayeuliza anaonekana mwenye wivu. Waulize mambo matatu, na yaandikwe: watoto wa jirani wataingia siku gani na saa ngapi? Ufunguo atakaa nao nani, kwa jina la kazi yake? Taa ikiungua na uzio ukikatika, nani analipa?

Nanyi wa mashirika, mtanisamehe, maswali hayo ni yenu pia. Kama bajeti inatosha spika ya siku moja au magoli ya mwaka mzima, nunueni magoli. Spika tunazo, ni midomo ya watoto.

Mtu ataniambia, "Wewe ulipata furaha ya bure 2016, sasa unalalamika nini?" Nalalamika kwa sababu niliipata. Nataka na yule msichana aipate, na si siku moja kwa mwaka.

Baada ya swali lake tulichanga. Fundi mmoja alitukatia miti sita ya mikaratusi, tukachimba mashimo, tukasimamisha magoli mawili. Nyavu hakuna. Mvua imepinda mlingoti mmoja, na kila timu sasa inagombania kushambulia upande huo kwa sababu ni mpana zaidi. Wengine wa timu wameshahamishiwa Mahama, wapya wamekuja, magoli yako pale pale. Geti hatuna, kwa hiyo ufunguo hauhitajiki.

Tunacheza Jumanne, saa kumi. Mkija, msilete kamera, leteni nyavu.